Dalili na Chanzo

Msomaji, ninalo gari kuukuu lililoundwa mwaka 1998. Kwa kuwa limenitumikia muda mrefu, nilidhani halina siri nisiyoijua. Lakini lilinifunza jambo, si juu ya injini tu, bali juu ya nafsi yangu pia.

Gari hilo lilianza kunywa petroli kwa uroho. Kiasi kilichotosha juma zima hakikufika tena mwisho wa juma. Mpwa wangu ndiye aliyeliendesha kila asubuhi kupeleka maziwa sokoni. Nilitazama kipimo cha tangi, nikamtazama yeye, nikahukumu kuwa anaiuza petroli yangu. Nikamnyang'anya ufunguo. Alisema kwa upole, "Mjomba, sijachukua hata tone." Sikumsadiki. Lakini hata ufunguo ulipokaa mfukoni mwangu na gari nikaliendesha mwenyewe, tangi liliendelea kukauka vile vile.

Kabla sijaendelea, yakupasa ujue desturi ya injini. Petroli haiungui vema ila ikichanganywa na hewa kwa kadiri: kilo 14.7 hivi za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Katika njia ya moshi huwekwa sensa ipimayo oksijeni iliyosalia baada ya mwako. Sensa ikiona oksijeni nyingi, kompyuta ya gari hudhani petroli ilikuwa haba, nayo huiongeza. Ikiona kidogo, huipunguza. Nyongeza au punguzo hilo huhesabiwa kwa asilimia, na fundi hulisoma kwa chombo maalumu. Katika gari lisilo na ila hesabu hiyo hukaa karibu na sifuri. Ikipita 10, juu au chini, kwa kawaida pana kasoro.

Gari langu lilionyesha nyongeza ya asilimia 22. Fundi wa kwanza akasema, "Petroli haifiki," akabadili pampu na chujio. Nililipa kwa akiba ya karo ya binti yangu. Kesho yake tarakimu zilikuwa zile zile.

Fundi wa pili, mzee mwenye subira, alifungua plagi kwanza. Zilikuwa nyeusi kwa masizi. Akaniuliza, "Bwana, kama petroli ni haba, masizi haya yametoka wapi?" Sikuwa na jibu. Kisha akaizungusha injini mara 2,500 kwa dakika, na ile 22 ikashuka hata 9. Pampu dhaifu, alinieleza, ingefanya kinyume: ingezidi kushindwa mahitaji yanapokua.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, aliiwasha tukasikiliza. Palikuwa na mlio mdogo, ta-ta-ta, uliofifia chuma kilipopata moto. Chuma cha kutolea moshi kilikuwa na ufa kabla ya kuifikia sensa. Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya mapigo ufa ule ulivuta hewa ya nje. Sensa iliiona oksijeni hiyo, ikatoa habari kwa uaminifu. Kompyuta ikaamini kuwa petroli ni haba, ikamimina zaidi. Chuma kilipobadilishwa, nyongeza ilishuka hata 3, na tangi likarudia kutosha juma zima.

Tazama, msomaji. Sensa haikusema uongo. Iliona oksijeni, na oksijeni ilikuwapo. Kosa lilikuwa katika kudhani mahali ilikotoka. Nami kipimo cha tangi kilinieleza kweli kuwa petroli inapungua, lakini hakikumtaja mwizi. Jina la mwizi nililitia mimi.

Jioni ile nilimwita mpwa wangu, nikamrudishia ufunguo, nikamwomba radhi mbele ya mama yake, kwa kuwa mbele yake ndipo nilipomshutumu. Fedha ya karo niliipata tena baada ya miezi miwili. Imani ya kijana yule ilichukua muda mrefu zaidi, wala haikuwa na fundi wa kuitengeneza ila mimi mwenyewe.

Basi uonapo dalili, usiharakie hukumu. Tafuta ufa kwanza.