Jamaa Iliyofanya Bahari Kuwa Nyumba

Mtu akisimama pwani ya Kalemie akitazama mashariki, huenda asione kitu ila maji. Hata hivyo moyo wake umetulia, kwa maana anajua ya kuwa ng'ambo kuna Kigoma, kuna watu, kuna moto jikoni. Sasa ujaribu kuwaza maji yasiyo na ng'ambo ya karibu: kutoka visiwa vya Galápagos kwenda visiwa vya Marquesas, katika bahari ya Pasifiki, ni safari ya zaidi ya kilometa 5,000, wala njiani hakuna hata jiwe la kukanyaga. Katika njia hiyo ndipo jamaa moja ya Waingereza ilipopotewa na nyumba yake.

Baba aliitwa Dougal Robertson. Zamani alikuwa ofisa katika merikebu za biashara, kisha akaacha bahari, akawa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Staffordshire, mbali na pwani. Mama, jina lake Lyn, alikuwa muuguzi. Walikuwa na watoto wanne: Anne, Douglas, na mapacha Neil na Sandy. Kazi ya shamba ilikuwa nzito na faida yake haba. Siku moja walisikia redioni habari za mashindano ya kuizunguka dunia kwa matanga, na pacha Neil akauliza kwa nini wao wasiende, maana baba ni baharia. Ni neno la mtoto tu; lakini baba hakulisahau. Aliuza shamba na mifugo, akanunua Lucette, jahazi la mbao la milingoti miwili, urefu wake kama meta 13, lililoundwa mwaka 1922.

Tarehe 27 Januari 1971 waling'oa nanga katika bandari ya Falmouth. Wengi watasema ya kuwa baba huyu alikuwa mpumbavu. Mimi sisemi hivyo, ingawa nakiri ya kuwa kuwatia watoto baharini wakati wa baridi, nao hawajazoea kamba wala matanga, ni jambo la kumshitusha mzazi ye yote. Yeye aliamini ya kuwa dunia yenyewe ni shule. Na kweli walisoma mengi: kupika chungu kikiyumba, kulala kwa zamu, kuyatumia maji matamu kwa kipimo, kuishi wote pamoja mahali pembamba pasipo mlango wa kutokea mtu akikasirika. Walivuka Atlantiki, wakakaa katika visiwa vya Karibi. Huko Bahama, Anne, aliyekwisha kuwa msichana mzima, aliwaaga akabaki. Walipofika Panama walimpokea kijana mmoja wa Wales, Robin Williams, aliyetaka kusafiri nao.

Asubuhi ya tarehe 15 Juni 1972, siku chache baada ya kuviacha visiwa vya Galápagos, nyangumi wale waitwao wauaji walilipiga jahazi kutoka chini. Mbao zilipasuka, maji yakapanda kama kisima kilichofunguka. Dakika chache tu, na Lucette lilikuwa limezama. Watu sita walijikuta katika chelezo cha mpira kilichojazwa upepo, na pembeni yake mtumbwi mdogo wa plastiki ulioitwa Ednamair, urefu wake kama meta tatu. Mama aliwahi kuokoa kikapu chake cha kushonea, na vitunguu na machungwa machache yalielea wakayaokota. Maji ya kunywa yalikuwa ya siku chache tu.

Hapo baba alipaswa kuamua. Galápagos ilikuwa nyuma yao, lakini upepo na mkondo vilisukuma magharibi, kurudi hakukuwezekana. Akachagua kwenda kaskazini, kwenye ukanda wa shwari ambako mvua hunyesha mara nyingi, na ambako mkondo mwingine huelekea tena Amerika. Siku ya saba waliona merikebu. Wakawasha fataki, wakapunga mikono. Merikebu ikapita, haikuwaona. Baba na mama waliahidiana, hata hivyo, ya kuwa wavulana hawa lazima wafike nchi kavu.

Basi wakaanza kuishi kwa yale bahari iliyoyatoa. Kasa wakubwa walijigonga katika chelezo. Wakawavuta ndani, wakawachinja, wakanywa damu yake kabla haijaganda. Nyama waliikata vipande vyembamba wakaianika juani, kama tunavyoanika samaki kwetu. Fulusi na panzi walioruka wakaanguka mtumbwini walikuwa karamu. Chelezo kilivuja, wakakipuliza kwa vinywa mchana na usiku, hata siku ya kumi na saba wakakiacha, wote sita wakahamia katika mtumbwi ule. Ukingo wake ulipita maji kwa kiasi cha shubiri moja tu. Mtu hakuweza kugeuka pasipo kuwaambia wenzake. Ngozi ilijaa majipu ya chumvi.

Maarifa ya mama yaliwasaidia sana. Chini ya mtumbwi mlikuwa na maji ya mvua yaliyochanganyika na damu na uchafu wa kasa, yasiyoweza kunywewa bila kutapika. Bibi Lyn akatengeneza bomba, akawatia maji hayo kwa njia ya chini, maana utumbo huweza kuyafyonza. Akina mama wetu wanaolijua bomba hawatashangaa sana. Naye alisali, na kuwaimbia wanawe usiku. Baba hakuwa mtu wa sala, ila hakumkataza.

Siku ya thelathini na nane, tarehe 23 Julai, walikiona chombo cha wavuvi wa Kijapani, Toka Maru II, kikielekea Panama. Baba akawasha fataki. Chombo kikageuka.

Hapa kuna neno ambalo mwanawe Douglas alilieleza baadaye. Mwaka 1942, wakati wa vita, ndege za Wajapani ziliishambulia merikebu huko Trincomalee, kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikufa mke wa kwanza wa Dougal na mtoto wao mdogo. Chuki ile alikuwa ameibeba miaka thelathini. Sasa mikono ya Wajapani ilimnyoshea kamba, ikawainua wanawe mmoja mmoja, ambao miguu yao ilishindwa kusimama, ikawapa kinywaji na nguo. Mtumbwi nao ulipandishwa. Leo umewekwa katika jumba la makumbusho ya bahari palepale Falmouth, na watoto wa shule wanaozuru huupima kwa macho, wakihesabu wangeketi wangapi.