Kikombe cha Kimea Katika Baridi ya Plateau

Ukitaka kuijua baridi, msomaji mpendwa, panda matatu mjini Eldoret mwezi wa Agosti uelekee upande wa Kaptagat, kisha ushuke Plateau jua linapotua. Uwanda huu wa Uasin Gishu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya Agosti haina huruma. Huku mahindi marefu, kule ngano, na katikati ng'ombe wa maziwa wakitafuna majani taratibu. Eldoret yenyewe, iliyofikiwa na reli mwaka wa 1924, ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Lakini Plateau bado ni shamba, na jioni moshi wa kuni hupanda kutoka kila boma.

Nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu aliyeolewa huko. Kwa kuwa mgeni haendi mikono mitupu, nilipitia dukani mjini nikanunua mkebe mkubwa wa ule unga wa kimea na maziwa ambao watoto wa mjini hukorogewa kabla ya kulala. Bei yake ilinitoa jasho, baridi ile ile! Shangazi aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka juu ya kabati. Kisha akasema, "Keti karibu na moto, mwanangu, nikupikie chetu."

Nilitazama vibuyu vya mursik vilivyoning'inia ukutani nikadhani ndivyo vitakavyoshushwa. La. Alinipa kikombe cha moto chenye rangi ya hudhurungi, kinachonukia tangawizi na iliki. Kilikuwa chepesi kama chai, lakini kilishiba kama uji. Nilipomwambia sukari imekolea vizuri, alicheka. Alikuwa ametia kijiko kimoja tu kwa sufuria nzima.

Si ya busaa

Siri ilikuwa juu ya kichanja cha jikoni: ungo wa wimbi iliyochipuka, ikikaushwa kwa joto la moto. Wimbi ndiyo ile nafaka ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita ulezi. Ikichipuka na kukaushwa huwa kimea, na wengi wetu tukiona kimea tunafikiria jambo moja tu: busaa.

Jambo hilo lilimtia shangazi matatani. Miaka kadhaa iliyopita alianika kimea uani. Jirani akapita, akaona, na kufikia Jumapili minong'ono ilikuwa imeenea kanisani kwamba mama fulani anapika pombe. Aliona haya, akaacha kabisa.

Kilichomrudisha ni mjukuu wake. Mtoto alipoanza kula alikataa uji mzito, na ule mwepesi haukumshibisha. Akawa hapati uzito. Nesi wa kliniki alimshauri shangazi atie kimea kidogo katika uji mzito, kisha autazame. "Uliyeyuka mbele ya macho yangu," alinieleza. "Unga ni ule ule, lakini mtoto aliumaliza. Nikasema, wacha waseme."

Hapa hakuna uchawi. Mbegu inapochipuka hutoa vimeng'enya vya kuvunja wanga ili mche upate chakula. Vimeng'enya hivyo vikikutana na uji wa moto kiasi, huvunja wanga wake, uzito ukapungua na utamu ukaongezeka. Ndiyo maana kinywaji cha kimea huwa chepesi bila kuwa maji matupu, na hakihitaji sukari nyingi. Tena wimbi ina madini ya kalisiamu kuliko mahindi au ngano.

Tengeneza hivi

Chambua glasi mbili za wimbi, ioshe vizuri, uiloweke usiku kucha. Asubuhi imwage maji, uitandaze ndani ya kitambaa safi chenye unyevu na uifunike. Inyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu vichipukizi vitaonekana. Ianike juani hadi ikauke kabisa, au juu ya jiko kama mvua inanyesha. Ifikiche kwa viganja, upepete vijimizizi, kisha usage. Usiikaange kwa moto mkali, kwani utaua vile vimeng'enya. Ukiona ukungu au ukisikia harufu mbaya, tupa yote, usionee huruma.

Kwa vikombe viwili, koroga vijiko viwili vikubwa vya unga huo katika kikombe kimoja cha maji baridi. Bandika kwenye moto mdogo, ukikoroga polepole kwa dakika kumi hivi bila kuacha uchemke. Kisha ongeza kikombe kimoja cha maziwa, kipande cha tangawizi kilichopondwa, punje mbili za iliki na mdalasini kidogo. Sasa uchemke vizuri kwa dakika tano, kwa sababu nafaka iliyochipuka haifai kunywewa mbichi. Chuja kwa chujio la chai. Onja kwanza, ndipo uamue kama sukari inahitajika. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe. Huyo chakula chake ni maziwa ya mama.

Usiku ule niliusoma mkebe wangu kwa mara ya kwanza. Kilichoandikwa kilikuwa kimea cha shayiri, ngano, maziwa na sukari. Kinywaji cha namna hiyo kilianzishwa na ndugu wawili Waingereza, James na William Horlick, huko Racine, Marekani, waliopata hataza yake mwaka wa 1883. Sikuona ubaya wowote katika kazi yao. Ila nilikumbuka kwamba shayiri, ngano na maziwa hutoka mashambani humu humu Uasin Gishu, na kwamba kimea cha shayiri ndicho kinachopika bia. Mbona hakuna anayemnong'ona mama anayetoka dukani na mkebe?

Asubuhi nilipoaga, shangazi alinijazia kimea katika mkebe mtupu wa zamani. Ule wangu mpya aliuacha kabatini. "Huo ni wa wageni," alisema.

Nyumbani Nairobi wanangu walimaliza kimea cha Plateau kwa wiki moja, nami nikaloweka wimbi yangu mwenyewe. Ungo wa kwanza ulipata ukungu kwa sababu niliunyunyizia maji kupita kiasi. Wa pili ulifaulu. Nimeuanika barazani, mbele ya majirani wote, na anayeuliza ninamkaribisha kikombe.