Safu ya Gramu

Mimi ni katibu wa koperative ya wachimbaji dhahabu huku Kabambare, Maniema, Kongo. Kazi yangu ni daftari: jina, shimo, gramu, mnunuzi. Zamani mtu wa serikali akipanda mlimani tulijua amefuata pesa. Tulimpa, akashuka.

Mwezi wa tisa 2010 Kinshasa ilifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi mwezi wa tatu 2011. Hatukuulizwa. Nani angeulizwa, na kila mtu alikuwa peke yake na shimo lake? Watoto walifukuzwa shule kwa kukosa pesa.

Sheria ya migodi ya 2018 ikatutaka tuingie koperative. Tarehe 1 Januari 2021 kanuni ya Umoja wa Ulaya, 2017/821, ikaanza kufanya kazi: anayeingiza kule dhahabu kilo 100 au zaidi kwa mwaka lazima achunguze ilikopitia. Nchi 27, kanuni moja. Inambana mnunuzi wa kule, si mimi, lakini kila anayebanwa humgeukia aliye chini yake, mpaka kwenye meza yangu.

Siku ya ukaguzi, Division ya Migodi, SAEMAPE (idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo) na sosiete sivile walikaa nasi benchi moja chini ya turubai. "Papa Katibu, lete daftari." Kidole cha mkaguzi kikasimama kwenye ushuru usio na risiti. Nikaeleza mbele ya wote kwamba ofisi nyingine iliuchukua, na risiti tuliomba hatukupewa. "Tunaliandika," akasema. Nilitetemeka, lakini nilikuwa nimesema. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko kanuni yenyewe: leo tuna mahali pa kusemea.

Ila dhahabu si kasiterite, madini ya bati, ya kujaza mifuko. Gramu ishirini zinafichwa kwenye pindo la kitenge, na mnunuzi wa usiku haulizi daftari. Ulaya imeagiza karatasi, bei ya karatasi haijaileta, na huku hakuna aliyekuja kutuuliza. Naomba waje.

Jana jioni mama mmoja wa kutwanga mawe alileta gramu moja na nusu, mikono bado ina vumbi jeupe.

"Papa, ukiandika, bei inapanda?"

"Bado, mama."

Akafunga kikaratasi chake, akashika njia ya sokoni. Jina lake nilikuwa nimeshaliandika. Safu ya gramu iko wazi.