Mbuzi wa Bibi na Kiswahili Chao

Sisi wajukuu wa nyumba moja ya Ibra tulikuwa tukitaniana kwamba mbuzi wa bibi wanajua Kiswahili kutupita. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Omani mtu mzima, na kwa mifugo yake hakutumia lugha nyengine. Akisema "Haya njooni, wanangu," wote wanamjia. Tukiwaita sisi kwa Kiarabu, wanainua vichwa, kisha wanaendelea kutafuna.

Kaka yetu mkubwa, msomi wa sayansi, hakukubali. Alisema mbuzi hawasikii lugha, wanasikia kokwa za tende ndani ya ndoo. Akatupa habari za Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa kwa kujua hesabu, hadi mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kuwa alikuwa akiusoma mwili wa anayemwuliza. (Kumsoma mtu kiasi hicho, kwetu, si ujinga.) Basi tukajaribu. Bibi akaita bila ndoo, wakaja. Sisi tukagonga ndoo bila kusema neno, wakaja pia. Ubishi ukabaki pale pale.

Chuoni tukasoma habari za ndege anayewaongoza watu kwenye asali ya mwituni. Wahadzabe wa Tanzania humwita kwa mluzi, Wayao wa Niassa, Msumbiji, kwa mlio wa "brrr-hm". Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walitangaza kwamba ndege wa kwa Wahadzabe huitikia mluzi wa hapo kwao zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao, na wale wa Niassa huupendelea mlio wa Wayao. Tena ndege huyu hulelewa katika viota vya ndege wengine, kwa hiyo si mama yake aliyemfundisha. Amejifunza kwa kuwasikiliza majirani. Tulisoma hayo kwa haya kidogo, sisi tuliolelewa na bibi na tukangoja chuo kitufundishe Kiswahili.

Bibi alipougua, mbuzi wakapelekwa soko la Ijumaa la Nizwa. Mbuzi jike mkubwa akagoma kuingia kwenye duara la wanunuzi. Kamba ikavutwa, hakusogea. Mdogo wetu akainama, akamwambia, kwa lafudhi yetu mbovu, "Haya njoo, mwanangu."

Akamfuata. Akauzwa haraka.

Jioni bibi alituuliza kama yule mkaidi alisumbua. Tukamwambia hapana.