Kumtafuta Mrithi

Katika hadithi za upelelezi za Wamarekani yumo mtu mmoja ambaye msomaji akikutana naye mara moja hamsahau upesi. Ni mpelelezi wa kukodiwa. Hana mke wala jamaa, ofisi yake ni ndogo, maneno yake makavu, na ujira wake huhesabiwa kwa siku pamoja na gharama za safari. Ross Macdonald alimtumia mtu wa namna hii katika The Galton Case, kitabu kilichotoka mwaka 1959. Mjane tajiri wa California, aliye mgonjwa, anataka kumwona mwanawe kabla ya kufa. Mwana huyo alitoweka zaidi ya miaka 20 nyuma. Wakili wa mjane anamwajiri Lew Archer amtafute. Archer anafikia mifupa isiyo na kichwa, kisha kijana anayedai kuwa mjukuu, na hapo swali hugeuka: si tena mrithi yu wapi, bali huyu aliyepatikana ni nani.

Mwaka uliofuata, 1960, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitoa Mzimu wa Watu wa Kale, na humo pia mna maiti isiyo na kichwa. Waandishi hawa wawili hawakuwa wakijuana, nami sifanyi zaidi ya kustaajabu. Bwana Msa na kiko chake ni ndugu wa Sherlock Holmes kuliko wa Archer. Baadaye Ben Mtobwa alimleta Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea, ambaye yu karibu zaidi na wale wagumu wa Marekani.

Navipenda vitabu hivi wala sioni haya kusema hivyo mbele ya wanachuo. Lakini kila nikivisoma hujiuliza ni nani angemwajiri mtu huyo kwetu Mlalo.

Asiyeijua Mlalo na aipande milima ya Usambara mpaka Lushoto, kisha aendelee kaskazini. Atakuta bonde pana lililozungukwa na migongo ya vilima, nyumba juu, mashamba yakiteremka mpaka kwenye maji. Watu ni wengi na ardhi ni haba. Serikali ya Waingereza ililiona jambo hilo, na mwaka 1946 ikaanzisha katika bonde hili mpango wa kuponya udongo, ambao wazee waliukumbuka kwa neno moja tu, matuta, na kwa chuki waliyokuwa nayo juu ya kazi ile ya kulazimishwa. Mpango uliachwa kabla ya uhuru. Uhaba ulibaki. Robo eka yenye maji, mahali panapoota kabichi na viazi vya kupeleka Tanga na Dar es Salaam, yatosha kuwatenga watu walionyonya ziwa moja.

Basi kwetu mrithi akipotea, urithi wake haukai benki kumngojea. Hulimwa. Mwaka wa kwanza hulimwa kwa ajili yake, mwaka wa tatu hulimwa kwa niaba yake, na ukifika mwaka wa kumi hapana tena anayetaja jina lake shambani. Katika hadithi ya Macdonald mwenye mali ndiye anayetaka mrithi apatikane. Huku kwetu mwenye mali amekwisha kufa, na walio hai wana sababu zote za kutaka njia iendelee kuwa ndefu.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Mbegha mwenyewe, aliyeanzisha enzi ya Wakilindi, alikuwa mrithi aliyenyimwa. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, anaeleza kuwa Mbegha alizaliwa Nguu akaota meno ya juu kwanza, basi jamaa zake wakamwita kigego, na walipokufa wazazi wakakataa kumpa fungu lake. Akaondoka na mbwa wake wa kuwindia, akafika Kilindi, na mwishowe Usambara, ambako alipewa ufalme kwa nyama ya nguruwe aliyowagawia watu na kwa simba aliyemwua. Kila Msambaa huijua habari hiyo, na kila mmoja humtazama Mbegha alikokuwa akienda. Mimi hutazama alikotoka. Sijasikia popote kwamba jamaa wa Nguu walimtuma mtu akamtafute.

Katika miaka ya 1990 nilitumwa mimi. Baba yangu mkubwa alikuwa amefariki, na mwanawe wa pekee aliteremka kwenda kwenye mkonge tangu ujana wake, asirudi hata kwa mazishi. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo kwa wakati ule, aliniita shule zilipofungwa, kwani nilikuwa mwalimu. Akaniambia: "Mwanangu, wewe wajua kusoma na kuuliza. Nenda ukamtafute kaka yako. Ukimpata, aje achukue chake, au aseme mwenyewe kuwa hakitaki." Akanipa nauli, fedha za magunia mawili ya viazi. Binamu zangu waliokuwa wakililima shamba lile walinisindikiza mpaka kituo cha basi kwa wema mwingi, wakanieleza kuwa bila shaka kaka amekwisha kufa.

Nilianza na kitabu cha ubatizo. Walutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na tangu mwanzo walikuwa watu wa kuandika. Mchungaji alinionyesha jina la kaka, la baba yake, na ya wasimamizi wake. Nilishuka nalo bondeni kwa furaha kama mtu aliyeshika ufunguo, na halikufungua mlango hata mmoja. Nchi ya mkonge ina desturi yake katika majina. Mmea ule uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufika mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani kama 230,000, kuliko nchi yoyote duniani. Kazi yote hiyo ilifanywa na watu walioitwa kwa hesabu. Wale walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, na neno lenyewe latosha kueleza. Mtu aliyetaka kuanza maisha upya aliweza kuacha jina lake Mombo kwenye stesheni na kupanda lori akiwa mwingine.

Kwa siku nane niliuliza kambi moja baada ya nyingine katika upande wa Korogwe. Mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuwa pori, kwa sababu kamba za nailoni ziliangusha bei ya mkonge duniani. Nilipoacha kutaja jina nikaanza kueleza mtu, mzee mmoja akacheka. Akasema alimjua mtu wa milimani aliyelima kibustani chake kwa ngazi ngazi mahali palipo tambarare kama meza, kana kwamba udongo ungemtoroka.

Ndiye. Alikuwa amekufa miaka miwili kabla yangu. Aliacha mtoto mmoja, msichana wa miaka 16 hivi, akikaa kwa mjomba wake. Sikuwa na picha wala cheti. Nilimwuliza kama baba yake alipata kumwambia lolote juu ya kwao. Akasimama wima kama mwanafunzi, akataja jina la baba, la babu, la baba wa babu, na la aliyemtangulia huyo, kwa mpango ule ule tunaowataja katika tambiko, akaishia pale pale ninapoishia mimi.

Niliporudi, ukoo ulikutana. Nilieleza yote. Swali la kwanza lililotoka lilikuwa, "Ni mwanamume?" Nilipojibu, kulikuwa na kimya ambacho baadhi yao walikifurahia. Sheria ya mila iliyoandikwa na serikali mwaka 1963 inawagawa warithi katika madaraja matatu, ya kwanza mwana mume wa kwanza, na mabinti katika la mwisho. Wale waliokaa pale hawakupata kuisoma, lakini walikuwa wakiijua kwa moyo. Baba mdogo alivuta koti lake, akasema: "Nilisema aliyepotea atafutwe. Sikusema awe wa namna gani."

Walibishana siku mbili. Mwisho msichana alipewa shamba, alime lakini asiuze. Mimi niliona ni nusu ya haki na bado naona hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuja kumpa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Tanzania, kuwa mila ile ya 1963 inawabagua. Maneno hayo hupanda mlima polepole.

Lew Archer akimaliza kazi hulipwa, akaingia katika gari lake akaenda zake. Ugumu wake, nadhani, unatokana na hapo. Mimi binamu zangu nakutana nao kanisani, sokoni, na kaburini. Mmoja hakunisalimu kwa miaka minne. Mama yangu alipokufa, yeye ndiye aliyekuja alfajiri na jembe, akachimba mpaka mwisho bila ya kusema neno, akaosha mikono akaenda nyumbani.

Yule msichana sasa ni mama wa watoto watatu. Anapanda kabichi na karoti, na yeye pia hulima kwa ngazi, ila huku ngazi zina maana. Mpaka wa chini hauna ugomvi. Huko juu bado yapo matuta mawili ambayo binamu yangu hajayaachia, na kila masika wote wawili huwahi kwenda kuyapanda.