Daftari la Jumamosi

Mwaka 1986, nilipokuwa kidato cha pili, nalichaguliwa kuwa kiranja wa darasa. Kazi yangu ilikuwa kuita majina kila asubuhi, na kuandika katika daftari jina la kila asiyeitika. Nilijivunia cheo hicho kupita kiasi, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu na wenzangu waliiogopa.

Katika darasa letu alikuwamo kijana mmoja Msabato. Kwake yeye siku takatifu huanza jua linapotua Ijumaa, ikaisha linapotua Jumamosi. Na shule yetu ilifundisha Jumamosi hadi adhuhuri. Kila Jumamosi niliita jina lake, na kila Jumamosi nilijibiwa na kimya. Niliandika. Jumatatu aliitwa ofisini, akachapwa, akarudi kuketi nami katika dawati letu moja bila kuninunia. Baada ya Jumamosi ya sita aliambiwa aende nyumbani asirudi mpaka aache ukaidi. Hakurudi. Daftari lilishuhudia kuwa alikosa masomo mara sita. Halikueleza kwa nini, wala halikutaja aliyotendewa. Mwandishi wake nilikuwa mimi.

Sikujua wakati huo kuwa mwezi Machi wa mwaka ule ule, Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeamua kuweka mtu wa kuandika daftari la namna nyingine. Zaidi ya miaka minne kabla yake, tarehe 25 Novemba 1981, Baraza Kuu la Umoja huo lilikuwa limepitisha Azimio la kupinga uonevu na ubaguzi kwa sababu ya dini au imani. Miongoni mwa haki zilizotajwa humo ni haki ya mtu kushika siku za mapumziko za dini yake. Nilipokuja kuyasoma maneno hayo, nami nimekwisha kuwa mtu mzima, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Mjumbe Maalumu wa kwanza alikuwa Mreno, Angelo Vidal d'Almeida Ribeiro. Kazi aliyoianza ingali ikifanywa na waliomfuata. Mtu aliyeonewa kwa ajili ya imani yake, au kwa kutokuwa na imani yoyote, humpelekea malalamiko. Mjumbe huiandikia serikali ya nchi ile kuuliza: Je, ni kweli? Mmefanya nini? Barua yake na jibu lililokuja hatimaye huwekwa wazi, watu wote wasome. Na serikali isiyojibu, ukimya wake nao huonekana. Mjumbe hana askari wala mahakama, halipwi mshahara na Umoja wa Mataifa, wala hawezi kuingia katika nchi kwa kazi hiyo pasipo ridhaa ya serikali yake.

Nakiri kuwa mwanzoni nilicheka. Serikali yenye majeshi itaogopaje barua? Kilichonigeuza ni habari za Asma Jahangir, mwanasheria wa Pakistan, aliyeishika kazi hiyo tangu mwaka 2004 hadi 2010. Alikwenda Uingereza mwaka 2007, na India na Turkmenistan mwaka 2008, akiwasikiliza wakubwa na wanyonge pamoja. Katikati ya safari hizo, Novemba 2007, hali ya hatari ilipotangazwa Pakistan, alizuiliwa nyumbani kwake mwenyewe mjini Lahore. Alipoachiliwa aliendelea kuandika. Kama kalamu ingekuwa kitu duni, mwenye kalamu asingefungiwa mlango.

Hapa kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ililinda uhuru wa dhamiri na dini katika kifungu cha 32, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wanafunzi Wasabato katika shauri la Jumamosi. Miaka 31 ilikuwa imepita tangu dawati langu libaki na nafasi.

Mwaka uliofuata hukumu hiyo nilikutana na yule mwenzangu katika kituo cha mabasi. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alinitambua kabla sijamtambua, akaniita kwa sauti, "Kiranja!" Neno lile lilinichoma. Nilimwambia kwamba ningalikumbuka zile Jumamosi sita, nami naomba radhi.

"Zilikuwa saba, ndugu yangu," akasema. "Moja hukuiandika."

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa. Yamkini siku ile nilisahau daftari, au nilikuwa mgonjwa. Au huenda kwa mara moja nilimwonea haya. Nilitaka kumwuliza ilikuwa ya ngapi, lakini alikuwa akitazama magharibi. Ilikuwa Ijumaa, jua limeinama juu ya mabati ya soko. Alinipa mkono kwa haraka, akapanda basi awahi kwake kabla halijatua.