Majira Yasiyo na Jina Kwetu

Katika Kiswahili cha nyumbani hatuna neno la printemps. Kamusi hutafsiri "masika", lakini sisi tuliolelewa Bukavu tunajua masika ni nini: ni mvua inayoshuka kutoka milimani wakati wa alasiri, ni tope la Kadutu, ni radi inayonguruma juu ya ziwa. Wengine husema "majira ya kuchipua". Hiyo ni tafsiri nzuri, ila haimwambii kitu mtu ambaye hajawahi kuona miti yote ya mji ikisimama uchi kwa miezi mingi, kama kuni zilizochomekwa ardhini, huku ikiwa hai.

Vijana wapendwa, mmetuomba tuwasimulie maisha ya familia yetu huku Winnipeg, katikati ya Kanada, na wengi wenu mmeuliza habari za theluji. Ruhusuni tuwaandikie juu ya kuondoka kwake, maana mwaka huu tulikungojea kwa hofu zaidi kuliko miaka iliyotangulia.

Tuanze na saa, kwa kuwa hapo ndipo Mama alipoanza kusumbuka. Kiswahili huhesabu saa za mchana kuanzia macheo: jua huchomoza saa kumi na mbili, na saa moja ni saa ya kwanza ya nuru. Bukavu hesabu hiyo ni ya kweli mwaka mzima, kwa sababu tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki nusu saa. Winnipeg iko karibu na digrii ya 50 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu, nalo huzama saa kumi na nusu. Mchana wote ni saa 8 na dakika chache. Watoto huenda shuleni gizani. Asubuhi moja Mama alisimama jikoni, akatazama saa ya ukutani, kisha akatazama dirisha jeusi, akauliza: "Hii ni saa moja ya asubuhi ipi, isiyo na asubuhi?"

Baridi yenyewe mmeisikia katika masimulizi. Hufika digrii 30 chini ya sifuri. Magari huku yana waya wa umeme unaoning'inia mbele, ambao mwenye gari huuchomeka ukutani usiku ili injini isigande. Tulimzoeza Mama hayo yote, naye aliyazoea upesi, kwa maana yeye si mtu wa kulalamika. Alifika Oktoba, akaona majani ya mwisho yakianguka. Noeli alipika, aliimba, aliwafundisha wajukuu wimbo wa Kishi ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeusahau nusu. Kisha, Januari, akaacha kuketi dirishani. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Alikuwa akiketi kwenye kiti kilichoelekea ukuta.

Jioni moja baada ya chakula alisema bila hasira: "Wanangu, ninyi hamkunifunga, lakini hapa ni gerezani. Mnirudishe."

Usiku ule hatukumjibu. Habari za nyumbani zilikuwa nzito, nanyi mnazijua kuliko sisi. Mmoja wetu aliona kwamba mzazi akiomba kurudi, mtoto hana haki ya kumzuia. Mwingine aliona kwamba mtu haamui jambo kubwa akiwa gizani, na alimaanisha giza lenyewe, la dirishani. Tulibishana kwa sauti ya chini siku tatu. Mwishowe tulimwomba asubiri hadi Pasaka, naye akakubali jinsi mkubwa anavyokubali ombi la watoto.

Hapa hatuna budi kumtaja mbwa. Jina lake ni Biskuti. Watoto walimwita hivyo. Nyumbani, kama mnavyojua, mbwa hulinda kiwanja, hula mabaki, naye hulala nje. Huku kumlaza nje wakati wa baridi ni kumuua, kwa hiyo Biskuti hulala sebuleni juu ya zulia. Jambo hilo lilimchukiza Mama kuliko theluji. Hakumtamka kwa jina lake. Alimwita "mbwa", na akiwa na hasira, "mbwa wenu". Alikaza amri moja, kwamba asikanyage jikoni. Amri hiyo ingali inashikwa hadi leo, na mbwa mwenyewe huilinda kwa uaminifu kuliko watoto.

Mwishoni mwa Februari tuliona kitu. Mmoja wetu hufanya kazi ya usiku, hivyo mchana hulala. Mwingine huwa kazini, na watoto shuleni. Siku moja, saa sita mchana, viatu vikubwa vya theluji vya Baba watoto vilikuwa vimelowa mlangoni, na nje, juu ya theluji mpya, kulikuwa na nyayo za viatu hivyo zikienda hadi kona ya barabara na kurudi, na pembeni yake nyayo ndogo zenye makucha. Hatukuuliza. Mama ndiye aliyesema: "Alikuwa analia mlangoni. Mlitaka nimwache akojoe ndani?" Kesho yake nyayo zilivuka kona. Baada ya wiki zilifika mtoni.

Mnyama huyo ndiye aliyejua kwanza. Katika baridi kali dunia haina harufu: udongo umeganda, na hewa haibebi kitu. Mbwa hutembea upesi, kichwa juu, akitaka kurudi ndani. Siku moja ya Machi, jua likiwa limelainisha ukingo wa njia, Biskuti alisimama ghafla, akatia pua yake chini, akakataa kuondoka. Mama alituambia alivuta kamba mara tatu. Mwishowe yeye naye akainama, akanusa. "Ni udongo," alituambia jioni. "Umeanza kunuka." Tulishangaa kumwona akicheka.

Tusiwapambie mambo: majira haya huanza vibaya. Watu wa picha huonyesha maua, lakini maua huja mwisho. Kwanza huja uchafu. Theluji ikiyeyuka hutoa kila ilichoficha tangu Novemba: glavu zilizopotea, karatasi, mchanga unaomwagwa barabarani ili magari yasiteleze, na mavi ya mbwa wote wa mtaa. Mchana maji hutiririka, usiku yanaganda tena, na asubuhi wazee huanguka. Theluji hurudi. Inaondoka, inarudi, inaondoka. Mara mbili tulimsikia Mama akiiambia dirishani, kwa Kishi, neno ambalo hatutaliandika katika ukurasa huu.

Lakini nuru haikurudi nyuma. Mwezi wa Machi mchana wa Winnipeg huongezeka kwa zaidi ya dakika 3 kila siku, na karibu na tarehe 20 mchana na usiku hulingana duniani kote. Siku hiyo watu wa Bukavu na watu wa Winnipeg hupewa nuru kwa kipimo kimoja. Tulimweleza Mama, naye akafurahi, akatazama saa ili ahakikishe jua linazama saa kumi na mbili. Halikuzama. Jumapili ya pili ya Machi serikali ilikuwa imekwisha kusogeza saa zote mbele kwa saa moja, kama ifanyavyo kila mwaka. Mama alinyamaza kidogo, akasema: "Hata jua wanalipangia?"

Tunapaswa kukaa kidogo mtoni, kwani ndipo alipokaa yeye. Mto wetu huitwa Rivière Rouge, yaani Mto Mwekundu. Hutoka Marekani, nao huelekea kaskazini hadi Ziwa Winnipeg. Hapo ndipo penye hatari yake. Kusini joto hufika mapema, theluji huyeyuka, maji hujaa. Lakini yanaposhuka kuelekea kaskazini hukuta barafu bado imefunga njia. Mwaka 1950 mto ulifurika, watu wapatao 100,000 wakahama mji. Baadaye walichimba mfereji wa kilomita 47 kuuzunguka mji, ukakamilika mwaka 1968. Mwaka 1997, maji yalipokuja makubwa zaidi, mfereji huo uliuokoa mji. Mama, aliyekulia pale Ruzizi inapotoka Ziwa Kivu, hakuhitaji ramani. Alisikiliza, akasema: "Maji yanakwenda mahali ambapo mlango bado haujafunguliwa."

Aprili barafu ilianza kukatika. Tulikwenda sote wanne pamoja naye, na mbwa. Mabamba makubwa yalikuwa yakigongana na kupandana, yakitoa sauti kama ya mbao zinazopasuka, na katikati maji meusi yalikuwa yanapita. Mwezi mmoja kabla watu walikuwa wakitembea hapo kwa miguu. Biskuti aliyabwekea mabamba hadi sauti ikamkauka. Juu yetu bata bukini walikuwa wakirudi kutoka kusini kwa mistari mirefu, wakipiga kelele, na mtoto wetu mdogo akawahesabu hadi 84 kabla ya kuchanganyikiwa. Mama alisimama ukingoni muda mrefu kuliko sisi. Baridi ilitushinda, yeye haikumshinda.

Pasaka ilikuja theluji ikiwa bado pembeni ya njia. Mnajua kwamba Pasaka hufuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Nyumbani humaanisha mvua nyingi, na matawi mabichi yaliyokatwa asubuhi hiyohiyo. Huku matawi husafirishwa kutoka mbali, hufika yamekauka. Lakini moto wa Mkesha uliwashwa nje, katika upepo, miguu yetu ikiwa kwenye barafu chafu. Mishumaa ilizimika mara kwa mara, na kila mmoja alimgeukia jirani yake ambaye wake ulikuwa bado unawaka. Tumehudhuria Mikesha mingi yenye nyimbo nzuri zaidi. Hatukumbuki mwingine ambapo moto ulihitajika hivyo.

Jumatatu ya Pasaka, tukitimiza ahadi, tulimwuliza Mama. Tulitumaini, tusifiche, kwamba angebadili shauri. Wakati huo alikuwa akitembea kila siku hadi kanisa kuu la Saint-Boniface, katika mtaa wa wasemaji wa Kifaransa. Kanisa hilo liliungua mwaka 1968. Jipya likajengwa nyuma ya ukuta wa mbele wa lile la zamani, ambao uliachwa umesimama, na dirisha lake la duara limebaki tundu tupu ambamo mbingu huonekana. Mama hupenda kukaa hapo, kamba ya mbwa mkononi, akisalimiana na watu kwa Kifaransa chake cha shule ya masista. Tulidhani amekwisha kuwa mwenyeji.

Alitusikiliza, akajibu: "Nitarudi. Nilisema nikiwa gizani, sasa nasema nikiwa kwenye mwanga, na neno ni lilelile. Makaburi yangu yako kule, na shirika langu liko kule. Lakini siondoki sasa. Mwezi wa 6. Nataka kwanza nione jambo hili linakoishia." Kisha akaomba chai.

Hatukuwa na hoja tena, wala yule aliyetaka asubiri hakuwa nayo. Tulinunua tiketi wiki iliyofuata.

Jumapili moja tulimpeleka nje ya mji, penye nyanda kavu, kutafuta ua ambalo ni nembo ya jimbo la Manitoba tangu mwaka 1906. Huchomoza mapema kuliko mengine yote, nyasi zikiwa bado za kahawia, mara nyingine kando ya theluji. Ni dogo, la zambarau, nalo limefunikwa manyoya laini kuanzia shina hadi nyuma ya petali. Watoto walilipata kwanza. Mama alipiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayapendi, akaligusa kwa kidole kimoja. "Hili limevaa koti," alisema. Mbwa alikuja kunusa, naye akamsukuma pua kwa kiganja, polepole, akimwambia: "Biskuti, taratibu." Watoto walitazamana. Hakuna aliyethubutu kusema neno.

Sasa ni Mei. Miti ambayo wiki mbili zilizopita ilikuwa kuni imefunikwa majani, yote kwa pamoja, karibu kwa siku chache tu. Dirishani, pale ambapo Mama hakutaka kuketi, kuna makopo sita ya nyanya yaliyojaa udongo, na ndani yake miche ya lengalenga, kutoka mbegu alizoleta zimefungwa katika kipande cha kitenge. Jirani yetu ametuonya tusipande nje kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maana usiku mmoja wa baridi unaweza kuua yote. Mama huona ni woga. Hata hivyo amesubiri, na wakati akisubiri anamfundisha binti yetu mkubwa jani lipi huchumwa kwanza na lipi huachwa ili mmea uendelee, kwa kuwa mavuno yatakuja yeye akiwa amekwisha kuondoka.

Jana jioni, saa mbili, jua likiwa bado juu ya paa za nyumba, alitoka nyuma ya nyumba akapima kwa hatua zake mahali pa matuta. Alihesabu kumi na nne kwenda, tisa kuvuka. Mbwa alimfuata nyuma, akisimama kila aliposimama.